Spika ya Chumba cha Mama

Mdogo wangu wa mwisho alitupigia simu kutoka Brazili Jumamosi moja mchana, mwaka juzi, kutuambia kwamba tarehe ya nadhiri zake za daima za utawa imepangwa. Mama alikuwa amekaa jikoni kwangu, hapa Bweri, Musoma, anachambua maharage kwa vidole. Niliweka simu sauti ya nje, nikailaza mezani karibu naye. Alisikiliza habari yote, kisha akauliza swali moja.

"Na mimi nitakaa wapi?"

Nadhani mdogo wangu alifikiri kile nilichofikiri mimi, kwamba mama ameshaanza kuchanganya mambo, anadhani Brazili ni mahali pa kwenda na gari la asubuhi ukarudi jioni. Macho ya mama yalikuwa yamezimika miaka minne kabla ya hapo kwa ule ugonjwa wa presha ya macho. Alibaki kuona mwanga wa mlangoni na vivuli vya watu.

"Mama," mdogo wangu akasema taratibu, "shirika litarusha ibada yote kwenye intaneti. Laivu. Mtaifuata mkiwa hapo hapo nyumbani, huna haja ya kusafiri."

"Nimesikia," mama akasema. "Ndiyo maana nauliza. Hapa hapa nyumbani, mimi nitakaa wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikakaa chini.

Mama ni mtu wa Butiama, mkulima, na kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai nyumba moja. Hawali meza moja, hawatazamani usoni. Macho yalipozima nilimwomba ahamie kwangu, akakataa mwaka mzima, mpaka padre wa parokia yake akaenda kuzungumza naye. Alikuja kwa masharti. Alichukua chumba cha mwisho wa korido, chenye mlango wake wa kutokea uani. Mume wangu akiwa ndani, mama hakanyagi sebuleni. Mume wangu kwao ni watu wa ziwani, vijiji vya kule rasini, na ukwe anaujua vizuri. Akirudi kutoka karakana yake ya injini za boti kule Kigera, anakohoa getini ili mama apate muda wa kuingia chumbani. Walisalimiana kila asubuhi, yeye amesimama korido, mama akiwa ndani mlango umerudishwa. Miaka mitatu waliishi chini ya bati moja na hawakuwahi kukaa mbele ya kitu kimoja kwa pamoja.

Na televisheni yetu ilikuwa sebuleni.

Nilimweleza mume wangu jioni ile ile. Yeye ni mtu wa mashine, shida ikitajwa mbele yake mikono inaanza kutafuta spana. Akasema jambo ni rahisi, tununue televisheni kubwa, ile ya kujiunga na intaneti yenyewe, na sauti tuifungulie mpaka mwisho, mama ataisikia kutoka chumbani. Jumatatu tukaenda dukani mjini Musoma. Muuzaji alituonyesha televisheni pana kama mlango uliolazwa. Ilikuwa inaonyesha samaki wa baharini, rangi ambazo sijawahi kuziona majini, na mume wangu akasimama mbele yake amefungua mdomo kidogo. Kwa kweli ilikuwa inapendeza. Nami nilisimama pale nikajisikia mdogo.

"Hii inafanya kila kitu," muuzaji akasema.

Niliwaza mama amekaa chumbani, amegeuzia uso ukutani, anasikiliza kelele za sebuleni zikimfikia kupitia korido. Nikamvuta mume wangu mkono. Nikamwambia twende kwanza tukaulize mahali pengine.

Ni yeye aliyekumbuka fundi wa Bunda. Mteja wake mmoja mwenye nyumba ya wageni alimsifia mama mmoja wa Nyasura aliyemfungia televisheni na intaneti vyumba vyote. Jumamosi iliyofuata tukapanda gari la Bunda, tukaulizia Nyasura, tukampata. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Mwanamke wa makamo, miwani ameifunga kamba shingoni, meza imejaa ruta zilizofunguliwa matumbo. Hakutuonyesha bidhaa yoyote. Alichukua mfuniko wa boksi na penseli.

"Nyumba yenu ina vyumba vingapi?"

"Vinne na sebule," mume wangu akasema. "Tunataka televisheni kubwa."

"Kuta ni za nini?"

"Tofali za saruji."

"Nani ataangalia?"

"Familia."

"Familia ni nani?"

Mume wangu akanigeukia. Niliona aibu kidogo, sijui kwa nini, labda kwa sababu swali lilikuwa la kawaida na sisi hatukujiuliza tangu mwanzo.

"Mama yangu," nikasema. "Sisi wengine ni wasindikizaji. Mdogo wangu anaweka nadhiri za daima Brazili, mwenye siku ni mama yangu. Na mama haoni."

Fundi akaweka penseli chini. "Haoni kabisa?"

"Anaona mwanga wa mlangoni."

"Anakaaga wapi?"

"Chumba cha mwisho wa korido."

"Haji sebuleni?"

Mume wangu akanijibia, ametazama sakafu. "Mimi ni mkwe."

"Aaa," yule fundi akasema, akatikisa kichwa polepole. "Hata kwetu ni hivyo hivyo. Mama yangu alikuwaga akisikia tu pikipiki ya shemeji inapanda kilima, anahama uwanja." Akachora korido yetu kwenye mfuniko, na mwisho wake chumba, na ndani ya chumba akaweka nukta. "Sasa fumbeni macho."

Tukafumba, watu wazima wawili tumekaa kwenye stuli, kama watoto wa ekaristi ya kwanza. Alituwekea kwaya ya akina mama aliyoirekodi mwenyewe. Kwanza kwenye televisheni. Nilisikia kwaya, basi, kama unavyosikia kwaya kutoka kwa jirani. Kisha akabonyeza kitu, tukasikia tena wimbo ule ule kutoka kwenye spika.

Sijui nieleze vipi. Kabla hawajaanza kuimba nilisikia wakivuta pumzi. Nilisikia karatasi ikigeuzwa, kiatu kikisogea sakafuni, na upande wa kulia mwanamke mmoja mzee ambaye sauti yake ilikuwa inachelewa kidogo kuliko za wenzake, na nikajua kwamba ni mzee, na kwamba amesimama nyuma. Nilipofumbua macho, nilimkuta mume wangu keshafumbua ya kwake, anatazama mlangoni.

"Nilidhani wameingia," akasema kwa sauti ya chini.

Yule fundi hakucheka. "Mama yenu ndivyo anavyosikiaga kila kitu, kila siku," akasema. "Sisi ndio hatusikii."

Mume wangu hakukubali kirahisi, maana zile rangi za samaki zilikuwa bado ziko kichwani. Akauliza kama televisheni kubwa isingeleta picha nzuri zaidi kwa wale watakaokuwa sebuleni.

"Shemeji, kazi yako ni nini?"

"Injini za boti."

"Ukifunga injini kubwa, na mpira wa mafuta umeziba, boti inaenda?"

"Haiendi."

"Basi. Hapa mafuta ni intaneti. Weka nguvu kwenye ruta. Televisheni mliyo nayo ina inchi ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Inatosha sebule yenu."

Mume wangu alicheka, na kuanzia hapo wakawa wanaongea lugha moja. Tulichagua ruta ya laini ya simu, yenye antena mbili, ya kuwekwa katikati ya korido ili kuta zisiinyonge. Tulichagua kiboksi kidogo cha kuchomeka nyuma ya televisheni yetu ya zamani, ukubwa wake kama kipande cha sabuni, ambacho ndicho kingeileta ibada kwenye kioo. Tukachukua na betri ya kushikilia ruta umeme ukikatika. Kisha spika ya mama. Fundi alituonyesha tatu. Akatuambia tusitazame, tuguse. Moja ilikuwa laini yote, haina mahali pa kidole kujua kwamba kimefika. Tukachagua yenye vitufe vilivyovimba na kitasa cha kuzungusha sauti.

"Na hii spika itachukua ibada wapi?" nikauliza. "Televisheni si iko mbali?"

"Una simu ya zamani?"

"Ninayo, lakini kioo kimepasuka vibaya."

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Basi ichomeke kwenye spika kwa waya, iunge na ruta, itaileta ibada yenyewe. Mama haangalii kioo."

Kufunga vile vitu nyumbani kulichukua Jumapili nzima mchana. Ruta na televisheni mume wangu alivimaliza upesi. Shida ikawa chumba cha mama, kwa sababu yeye hawezi kuingia, na mimi nimezoea chaki, nyaya siziwezi. Akasimama korido, upande wa pili wa ukuta, akaanza kuniamuru. Mimi nikashindwa mara mbili, na mama, aliyekuwa ameketi kitandani, akanyoosha mikono.

"Nipe mimi."

"Mwambie mama atafute tundu la duara nyuma ya spika," mume wangu akasema kutoka korido.

"Nimelipata, mwambie," mama akasema.

"Mwambie liko juu ya tundu la bapa."

"Mwambie la bapa nimeligusa, liko chini. Waya gani unaingia?"

"Mwambie mwembamba."

Nilisimama katikati ya watu wawili waliokuwa wakisikiana vizuri kabisa, nikibeba maneno kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na sikuthubutu kucheka. Vidole vya mama vilikwenda nyuma ya ile spika kama vinavyokwenda kwenye maharage. Waya ukaingia, ukalia kidogo. Hawakuwahi kufanya kazi pamoja kabla ya siku ile.

Ili kujaribu, nilitafuta ibada yoyote iliyokuwa hewani, nikapata misa ya kanisa moja la mbali, wanasali kwa lugha nisiyoijua. Mume wangu akaifungua sebuleni kwenye televisheni. Mimi nikaifungua kwa mama. Alisikiliza dakika kadhaa, kichwa amekiinamisha upande.

"Hilo kanisa ni refu," akasema. "Dari iko juu sana. Watu ni wachache, hawajazi. Kuna mtu anakohoa kushoto, karibu na ukuta."

Nilitembea mpaka sebuleni. Kwenye kioo palikuwa na kanisa la mawe, dari imepanda juu mpaka kamera haiifikii, na watu wametawanyika, benchi moja wawili, benchi lingine mmoja. Mwanamume mwenye koti alikuwa amekaa peke yake upande wa kushoto, pembeni kabisa, ameshika kitambaa mdomoni.

Nikasimama pale nimeshika mlango. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimefundisha milango ya fahamu kwa miaka ishirini, nimechora sikio ubaoni na kulipaka chaki ya rangi. Siku ile nilihisi kwamba sikuwahi kujua sikio ni nini.

Siku yenyewe ilifika. Ibada kwao ilikuwa asubuhi, kwetu ni saa tisa alasiri. Kutoka Butiama walikuja mjomba wangu na akina mama wawili wa jumuiya aliyosali mama kabla hajahamia kwangu. Walikaa sebuleni pamoja na mume wangu, aliyevaa suti yake ya harusi ingawa haikuwa ikifunga tena. Mama alivaa kitenge kipya na kilemba, akakaa kwenye kiti chumbani kwake, mgongo umenyooka, rozari mkononi. Mlango wa chumba niliuacha wazi. Mimi nilichukua stuli nikakaa korido, karibu na ruta, ambapo niliweza kuona kipande cha televisheni upande mmoja na magoti ya mama upande mwingine.

Kwa dakika chache kiduara kilizunguka-zunguka tu kwenye kioo, kikitafuta. Mjomba akasema labda huko Brazili umeme umekatika. Kisha kanisa likafunguka, jeupe, limejaa watu na maua, na ngoma zikalia. Sikutegemea ngoma. Kule chumbani nikaona mguu wa mama unagonga sakafu taratibu.

Niliona jambo moja mapema, sikulitilia maanani. Wimbo ulipokwisha sebuleni, kwa mama ulikuwa bado unaendelea. Nikahesabu kimoyomoyo. Ile simu ya zamani ilikuwa inachelewa nyuma ya televisheni kama nusu dakika. Mume wangu naye aliliona, akanitazama kwa kuudhika, mikono ikaanza kutafuta spana. Nikamwashiria atulie.

Ulifika wakati wa kuwaita watawa. Walikuwa watano, wamevaa nyeupe, kila mmoja ameshika mshumaa. Mama mkuu wa shirika lao alisimama na karatasi, akamwita wa kwanza kwa jina. Yule mtawa akajibu kwa lugha yao, akasogea mbele. Akaitwa wa pili. Akaitwa wa tatu. Mdogo wangu alikuwa wa nne. Nilimwona, uso wake umekonda kuliko nilivyoukumbuka, midomo ameibana kama alivyokuwa akiibana utotoni akiogopa.

Likasomwa jina lake, jina la ubatizo na jina la baba yetu, yakitamkwa kwa taabu. Halafu kukawa kimya.

Naye akajibu kwa Kizanaki, lugha ya kwetu Butiama.

Hakuna aliyekuwa ametuambia. Wala hakutoa maneno ya kanisani. Alijibu vile tulivyokuwa tunajibu sote watoto wa nyumba ile, mama akituita kutoka shambani kwa sauti ndefu ya kuvuka bonde, nasi tukiwa tumetawanyika huko tulikotawanyika. Ni neno moja fupi na mwisho wake unavutwa. Linasema nimekusikia, ninakuja. Sikuwa nimelisikia tangu nilipoolewa. Kanisa zima la Brazili likatulia, na sebuleni kwangu mmoja wa wale akina mama akashika mdomo.

Sauti ilikuwa imetoka kwenye televisheni, ikapita korido mpaka chumbani. Nikaona magoti ya mama yameruka. Alikuwa amesimama.

"Nani huyo?" akasema. "Nani ameitika?"

Nikakimbilia mlangoni. Alikuwa ameshika ukuta, uso umeelekea upande wa sebule, na pumzi zinakwenda mbio. Nyuma yake spika ilikuwa bado iko kwa mtawa wa tatu.

"Ni yeye, mama. Amejibu kwenye televisheni."

"Imenipita." Sauti yake ilipasuka. "Nimeisikia mbali. Imenipita."

"Haijakupita. Huku kwako bado. Huku kwako hajaitwa. Kaa tayari, mama, anaitwa sasa hivi."

Sijui kama nilieleweka. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema jambo ambalo kichwa changu kilikuwa bado kinalikataa, kwamba lililokwisha kutokea litatokea. Mama alielewa kuliko mimi. Akauacha ule ukuta, akageuka, akapiga hatua mbili mpaka kwenye spika. Akaweka kiganja juu yake. Tukamsikia mtawa wa tatu akisogea mbele, nyayo zake, mshumaa ukihamishwa mkono. Tukamsikia mama mkuu akifunua karatasi.

Likasomwa jina.

Na katika kile kimya kilichofuata, mama yangu akajaza kifua akamwita mwanawe. Alimwita kama zamani, sauti ndefu, ya kuvuka bonde, jina la nyumbani ambalo halikuandikwa kwenye karatasi ya mtu yeyote Brazili. Nilisikia bati likitetemeka. Kuku wa uani walinyamaza.

Spika ikaitika.

Ilikuwa hapo hapo, chini ya kiganja chake, na pumzi aliyoivuta kabla, na kutetemeka kwa mwanzo, na mwisho ule uliovutwa. Mama aliita na mtoto akaitika. Hapakuwa na pengo kati yao hata la kuweka kidole. Nilishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Nimesali maisha yangu yote, na sina hakika kama kabla ya hapo niliwahi kuogopa kwa namna ile, woga usio na ubaya ndani yake.

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amesimama korido, hatua nne kutoka mlangoni, mahali anaposimamaga asubuhi. Hakusogea zaidi. Alikuwa ametazama sakafu na mashavu yake yameloa.

"Mama," akasema, bila kupitia kwangu, "ameitika."

"Ndiyo, baba," mama akamjibu, na ilikuwa mara ya kwanza nisikie anamwita baba. "Nimemsikia."

Mume wangu akarudi sebuleni akaifunga sauti ya televisheni mpaka mwisho. Tangu hapo watu wote waliokuwa ndani ya nyumba yangu walitazama picha kimya, na sauti ikawajia kutoka chumba cha mama, nusu dakika baadaye. Waliona mdogo wangu akilala kifudifudi sakafuni, na mwisho wa litania ya watakatifu ukawakuta ameshainuka. Hakuna aliyelalamika. Mjomba alisema, nusu anajisemea, kwamba hata mvua ukiiona juu ya ziwa inakufikia baadaye.

Jioni mdogo wangu alipiga simu. Mama alikuwa uani na wageni wake, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsimulia. Nilimwambia habari za ruta na kiboksi na simu iliyopasuka kioo, halafu nikamwambia jinsi mama alivyomwita. 

"Dada," akasema, "nilikuwa nimeandaa jibu la kitabuni. Nimelifanyia mazoezi wiki nzima. Nilipoitwa likapotea lote, nikabaki na lile. Niliona aibu. Nilidhani hakuna mtu pale wa kulielewa."

"Mama alikuita kwanza," nikamwambia. "Kwa huku, alikuita kwanza."

Alilia, nami nikalia, kila mtu upande wake, na kwa mara nyingine sikujua nani alianza na nani alifuata.

Jumatatu niliporudi shuleni niliomba kwa mwalimu mkuu tufe la dunia la darasa la sita, nikalileta nyumbani kwenye kikapu, limefunikwa kanga. Mama alikuwa ameniuliza asubuhi Brazili ni umbali gani, nikashangaa kwamba sina jibu zaidi ya kusema ni mbali sana. Nilimkalisha mezani jikoni, nikamwekea tufe mikononi. Nikachukua kidole chake cha kulia nikakiweka palipo na Musoma, na cha kushoto nikakizungusha polepole kupita bara zima la kwetu, na bahari, mpaka upande wa pili.

"Hapo ndipo alipo."

Mama akalipapasa tufe katikati ya mikono yake.

"Hapa katikati ni nini? Ni laini."

"Bahari."

"Na sauti yake ilipita wapi? Juu?"

Nilimwambia nilivyosoma, kwamba kuna nyaya zimelazwa chini kabisa ya bahari, kwenye giza, kutoka bara hadi bara, na sauti nyingi zinapita humo kwa wakati mmoja bila kuchanganyikana. Nikamwambia zililazwa na watu, kwa meli, wakiuachia waya kidogo kidogo safari nzima.

"Kwa mikono?"

"Kwa mashine. Ila lazima kulikuwa na mikono pia."

Akatembeza kidole chake kwenye ile sehemu laini, akenda nacho, akarudi nacho. Uji niliomwekea ulikuwa unapoa, sikumkumbusha.

"Mungu awatunze," akasema, "hao waliokuwa kwenye hiyo meli."